Chengo Mlangoni

Mtu amesimama mlangoni, mkoba begani, mtoto amemng'ang'ania shati: anakwenda au anarudi? Tulipokuwa wadogo kule Mishomoroni sikuwa na jibu, na wallahi nililitafuta.

Enzi zetu, ingawa si za kale, katuni za Mzee Badi zilitufikia zikiwa zimeshapita mikononi mwa mtaa mzima, zinanuka mafuta ya bajia na udi. Alizaa vitabu kama mti wa mbirimbi. Hujamaliza kimoja, kingine kiko dukani. Chengo, utingo wa lori, alikuwa mlangoni na mkewe na bintiye ukurasa wa kwanza wa kila kitabu. Ukifika wa mwisho yuko mbali, lori limezama matopeni, mvua inamnyea.

Ila kwa Nyanya mambo yalikuwa mengine. Yeye alisoma chuo cha Kurani tu, herufi za Kiarabu, kwa hiyo alikifungua kitabu kutoka nyuma na kuzifuata picha kulia kwenda kushoto. Baada ya alasiri tulijilaza mkekani, miguu yetu juu ya yake, akitusimulia kwa sauti ya usingizi: lori linaibuka matopeni, mvua inapanda mawinguni, njia inafupika, mpaka Chengo yuko mlangoni pake. Wafula, mtoto wa wapangaji wetu kutoka bara, alicheka hadi machozi.

"Nyanya, hiyo stori unaiendesha rivasi."

"Na wewe mwanangu, ukirudi kwenu hupiti njia ile ile?" Akageuza ukurasa.

Mimi sikucheka. Baba alikuwa amekwenda Uarabuni kuendesha malori, nami nilitaka kujua nani kati ya Nyanya na Wafula anasoma sawasawa. Nilipomwuliza Nyanya alisema, "Atarudi, inshallah," na sikujua anamsema Chengo au mwanawe.

Baba hakurudi. Simu zikapungua, kisha zikakoma. Nikakua mtu wa kudai ushahidi wa kila jambo. Chuo kikuu waliniita Wakili, na mimi nasomea kemia.

Siku hizi wadogo zetu wanasoma katuni kwa kidole gumba, juu kwenda chini, hazina mwanzo wala jalada. Hata ugomvi wa upande wa kuanzia hawaujui. Sijui Nyanya angeshika wapi.

Mwezi uliopita Mzee Badi alifariki. Nikaenda matangani kwake Changamwe, nikamwamkia bintiye, mama wa makamo, na baada ya kumpa pole nikamwuliza kuhusu picha ya mlangoni. Akatabasamu. Mtoto yule ni yeye. Babake alikuwa utingo kabla ya kushika kalamu, na safari zake alizianza alfajiri, bintiye yumo usingizini. Hakuwahi kumwona akiondoka.

"Picha ile aliichora mara moja, akawa anaitumia kila kitabu," akaniambia. "Siku hiyo alikuwa amerudi."