Nilimpiga Sindano Mama Mkwe Akiwa na Funga

Nimekosa, na kosa langu sijamwambia mtu hata mmoja mpaka leo. Hapa sina jina, basi acha niseme.

Miaka ile nilikuwa mpokea kadi katika zahanati moja ya mtaani. Kadi tu, jamani! Lakini kule Michenzani tunakokaa, kila mwenye kuumwa alinipigia hodi. Wakiniita daktari, nami nikiitika. Sifa tamu!

Mama mkwe alikuwa na vidonda vya tumbo. Daktari alimkataza kufunga, akampa vidonge vya kumeza mchana na chakula. Ramadhani ilipoingia, mama akavitia vidonge kabatini.

"Mie kula mchana kwa ajili ya tumbo, sijapata," alisema. "Hiyo sindano ya kukata asidi mnayowapiga watu huko kwenu, nnasikia haifunguzi. Nipige hiyo, mwanangu, na mumeo asijue. Si weye daktari?"

Ningemwambia, mama, mimi naandika kadi. Nikaona haya!

Nikaichukua dawa dukani kwa jina la zahanati. Wauguzi nilikuwa nikiwaona: huichanganya na maji ya sindano, kisha huisukuma mshipani polepole, dakika tano nzima, jicho kwa mgonjwa. Siku tatu nilifanya hivyo. Mama akapata raha, akanimwagia dua.

Siku ya nne, alasiri imekwenda, muhogo wa nazi unashika sufuriani. Dakika tano nikaziona nyingi. Sikuchanganya na maji wala nini. Nikaisukuma yote mara moja, jicho langu liko jikoni!

"Mwanangu, n'naona kiza," alisema, akalala ubavu.

Nilimshika mkono. Pigo la moyo linakuja moja, linakaa, ndiyo linakuja jingine. Katota jasho la baridi. Yaa Rabbi!

Hospitali daktari aliniuliza, "Leo katumia dawa gani?"

"Hajatumia kitu. Kafunga."

Na bomba la sindano limo mkobani mwangu! Akauliza tena. Mume wangu amesimama pembeni, nikajibu vilevile. Wakahangaika naye bila ya kujua wanatibu nini. Mungu si Athumani, alipona.

Tangu hapo wanawe hawamwachi afunge hata moja. Hulisha maskini kwa kila siku anayokula, kisha hulia. "Mwenyezi Mungu kaikataa funga yangu," husema. "Sijui n'mekosa nini." Na aliyekosa ndiye anayempikia uji! Akiniita daktari wake, uso nauficha kwenye kanga.

Wenzangu, sindano ile si ya kupigwa majumbani. Mgonjwa dini imempa ruhusa ya kula, msimtafutie njia ya mkato. Na wewe unayeitwa daktari nawe siye, kataa siku hiyohiyo. Ukishakosea, ukaulizwa mgonjwa umempa nini, sema. Mimi niliulizwa mara mbili.