Manyoya Meupe kwenye Sketi Nyeusi

Fundi mmoja wa vitasa watu walimwita Kitasa, na jina lilimkaa kama ngozi. Kazi yake ilikuwa kufungua milango iliyogoma, kubadilisha kufuli zilizovunjwa, na kusimama vizingitini mwa watu walioibiwa huku wakilia. Mara nyingi akikagua mlango aliona komeo halikuguswa: mwizi alifunguliwa na mtu wa humohumo ndani. Kuona hayo miaka nenda miaka rudi kulimtia maradhi ya kushuku. Ukimsalimia, ataitika, kisha atajiuliza unataka nini. Muuza nyanya akimwongezea moja, anaipindua kutafuta tundu la funza.

"Wewe," mkewe humwambia, "siku moja utajishuku mwenyewe kwenye kioo."

Sasa binti yao, ambaye hakuwa na kaka wala dada, aliomba mbwa wa manyoya mengi mpaka baba akachoka kukataa. Kitasa akakubali kwa sharti moja: mbwa achaguliwe mbele ya macho yake. Wakaenda wote watatu kwa mama mmoja mfugaji, aliyekaa nyumba ya mwisho kwenye uchochoro usiotokea popote. Watu walimwita Mama Mbwa, naye hakukasirika.

Alikuwa amebakiwa na wawili wa kuuza. Mmoja samoyedi, aina ya mbwa wa nchi za baridi, mweupe pe, bado mtoto lakini amefika magotini, manyoya yamemjaa kama godoro lililopasuka. Wa pili wa aina ya pomerania, rangi ya mkate ulioiva vizuri, wa kubebwa kwapani, sauti yake kubwa kuliko yeye.

Binti alimkimbilia yule mdogo. Mke wa Kitasa alibaki langoni, mkoba kaukumbatia kifuani. "Labda mweupe," alisema kwa sauti nyembamba. "Anaonekana mpole."

Kitasa alilowesha leso kwa mate, akamsugua mweupe mgongoni aone kama rangi itatoka. Haikutoka. Akataka kumwona mama wa mbwa huyo. Mama Mbwa akamleta, mweupe vilevile.

"Nyumba yenu ikoje?" Mama Mbwa akauliza.

Machale yakamcheza Kitasa. "Nyumba ni nyumba."

"Paa la bati?"

"La bati."

"Lina dari?"

"Chumba kimoja tu."

"Na ua una kivuli?"

"Una ukuta."

"Basi mweupe sikuuzii. Huyu kavaa koti juu ya koti. Kwenu joto litamwangusha. Mdogo naye ana manyoya, lakini huyo atakaa kwenye chumba chenye dari, mtamchana kila siku, ataweza."

Kitasa alikuwa hajawahi kumwona muuzaji anayekataa kuuza. Huyu ana lake jambo, akawaza. Ama mweupe keshaahidiwa mwingine, ama mdogo mgonjwa na anatafutiwa mjinga wa kumbeba. Akaaga kwa kusema watafikiria.

Wiki iliyofuata mambo nyumbani yakaanza kwenda mrama. Mkewe, aliyekuwa mshonaji kwenye karakana ya sare za shule, alianza kuchelewa kurudi. Simu ikilia, anatoka nayo nje. Halafu siku moja Kitasa akaona manyoya meupe kwenye sketi yake nyeusi.

"Hii nini?"

"Pamba ya karakana," mke alijibu, akajipangusa haraka mno.

Kitasa aliokota unyoya mmoja, akausugua kati ya vidole. Haikuwa pamba. Usingizi ukamruka. Wamenizunguka, alijiambia, wamemnunua yule mkubwa, wamemficha mahali. Kisha wazo jingine likaja, baya zaidi: mbwa mweupe ana mwenyewe, na huyo mwenyewe ni nani?

Siku ya tatu alifunga kibanda chake cha kazi mapema, akajibanza nyuma ya gari bovu karibu na karakana. Mkewe alipotoka, alimfuata kwa kunyata. Akamwona anakata kona, anaingia uchochoro wa Mama Mbwa. Kitasa akasogea, akaweka jicho kwenye ufa wa lango.

Mkewe alikuwa amekaa kwenye kigoda, kafumba macho, jasho linamtiririka. Mweupe alilala miguuni pake. Mapajani alikuwa na yule mdogo, na mkononi brashi. Mbwa akageuza kichwa ghafla. Mkewe akaruka nusura aanguke.

"Vuta pumzi," Mama Mbwa alisema. "Hajakugusa."

"Najua. Tuanze tena."

Kitasa aliegemea lango asikie zaidi. Kumbe lilikuwa limerudishiwa tu. Likafunguka, naye akaingia nalo kwa kishindo, mbwa wakabweka wote kwa pamoja.

"Ulinifuata," mkewe alisema.

"Nilikuwa napita."

"Uchochoro huu unapita kwenda wapi?"

Mkewe akapandisha sketi kidogo, akamwonyesha kovu la kwenye muundi, ambalo siku zote alisema ni la seng'enge.

"Si seng'enge. Ni mbwa wa jirani, mdogo kama huyu. Nilikuwa mtoto. Kila aliyeona alicheka, eti kung'atwa na kijibwa kama kile."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungemkatalia mtoto. Au ungeniuliza mimi nilimfanya nini huyo mbwa kwanza."

Lilimchoma, kwa kuwa swali hilo lilikuwa tayari kwenye ulimi wake.

"Nilianza kujizoesha na mweupe kwa sababu amepoa," mke akaendelea. "Nikatamani tumchukue yeye. Lakini huyu mama anasema kweli, bati letu litampika. Kwa hiyo nimejikaza na mdogo."

Kitasa akamgeukia Mama Mbwa. "Na wewe unapata nini hapa?"

"Sitaki mbwa wangu warudishwe. Akirudishwa, mbwa hali chakula. Anakaa langoni kuwangoja waliomwacha."

Alitafuta kasoro kwenye jibu lile, hakuiona. Hata hivyo, aibu yake yote usoni, aliinama akamfungua mdogo mdomo na kukagua meno.

Jumamosi walimchukua pomerania. Mke ndiye aliyembeba njia nzima, mikono imekakamaa, binti pembeni akisema, "Mama, unaweza! Mama, unaweza!" Mweupe alichukuliwa na familia yenye nyumba ya sakafu baridi na ua wa miti. Kitasa alikwenda kuhakikisha, akijifanya anauliza kama wana kitasa kibovu.

Mke bado hushtuka mbwa akirukia kiti bila taarifa. Lakini kila jioni yeye ndiye humchana, si binti. Jioni moja Kitasa aliketi karibu nao, akamwomba amsimulie ile siku ya mbwa wa jirani. Mkewe alisimulia kirefu: kiatu kilichobaki njiani, watu waliocheka, njia ya kurudi nyumbani peke yake. Kitasa alisikiliza mpaka mwisho, na hakuuliza swali hata moja.