Spiriti Itaosha Bilo

Waliotaka kuniua nawajua. Wa kwanza ni mwenyekiti wa timu yetu ya Migori, wa pili ni kocha wake. Majina wanayo, wataitwa siku ya hukumu. Mimi vyeo vyao vinanitosha.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa kipa. Nyavu zetu za goli zilikuwa nyavu kuukuu za samaki kutoka Mbita, zimetundikwa kwa misumari. Kwenye nusu fainali nilirukia mpira wa juu, nikaokoa, na msumari ukanichana mkono kuanzia kiwiko mpaka kiganja. Zahanati ilikuwa ng'ambo tu ya uwanja. Sista, muuguzi wa pale, akaja mbio na pamba na chupa ya spiriti.

Mwenyekiti akamzuia. "Sista, huyu ameshapakwa. Spiriti itaosha bilo yote, na fainali bado."

Bilo ni ule unga wa mganga, tulipakwa mikononi ili mpira usipite. Kila timu ilikuwa na yake. Tulikatazwa hata kuoga mpaka mashindano yaishe, na ukikaa karibu na beki wetu wa kati ungejua.

"Msumari una kutu," sista akasema.

Kocha akacheka. "Kutu ni ya mabati, sista. Huyu ni mtu."

Na mimi mjinga nikafunga kidonda kwa soksi.

Fainali ilipokaribia, taya likakaza. Nikashindwa kufungua mdomo nile ugali. Kocha akaniangalia, akasema, "Omera, ndugu yangu, acha kununa. Unaogopa watu wa Homa Bay?" Mgongo ulipoanza kujikunja kama upinde, mama yangu akamkimbilia sista. Ilikuwa tetanasi. Nikalazwa kwenye pikapu ya kubeba dagaa wa omena mpaka hospitali, nikawekwa chumba cha giza kisicho na kelele, maana hata mlango ukigongwa mwili wote ulikakamaa. Fainali tulifungwa. Wale wawili hawakuja kuniona hata na chungwa.

Niliporudi, uwanjani kulikuwa na mbuzi. Akina mama walikuwa wamewazuia vijana wao nyumbani, wasije wakawa kama mimi. Bila mechi, wauza mandazi na njugu walikaa bure, na fundi wa jezi alirudia sare za shule. Sista akawaendea akina mama: kila mchezaji achomwe sindano ya tetanasi kwanza, na yeye atakaa na meza yake pembeni ya uwanja kila mechi. Mwenyekiti akakataa. Bilo na spiriti haziketi pamoja, akasema.

Muuza mandazi mmoja akamjibu, "Basi jaduong', mzee wetu, cheza wewe na bilo yako. Sisi tutashangilia."

Meza ikawekwa. Vijana wakarudi, kisha timu za Oyugis na Mbita zikapenda kuja kwetu, kwa sababu kwetu ukiumia kuna mtu. Watu wakijaa, biashara nayo inakuja. Mkono wangu haukudaka tena, kwa hivyo nikaanza kushona njumu za wachezaji na viatu vingine kando ya ukuta wa zahanati. Wachimba dhahabu wa Osiri walikuwa wateja wangu wazuri, wale hurarua kiatu kama karatasi. Nilijenga kwa njumu. Nilioa kwa njumu.

Halafu siku moja wazee wakacheza mechi yao, na mwenyekiti akajiweka kipa. Akateleza, goti likapasuka kwenye jiwe. "Sista. Sista, kuja."

Sista akaja polepole. Akalowesha pamba, akaishika hewani. "Mwenyekiti, na bilo je? Si itatoka?"

Mzee akaangalia goti, akaangalia watu. "Osha, sista. Osha tu."

Nilicheka pale kibandani kwangu, mdomo ukafunguka wote, mpaka mteja akaniuliza kama nimeumwa na siafu. Sijamsamehe yule mzee. Lakini kiatu chake kilikuwa kimeachama mbele, na nilikishona siku hiyo hiyo, nikakishona vizuri.