Mikwaruzo ya Kioo cha Ndege, Newala

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya ndege ndogo Masasi, Fundi Mkuu alininyang'anya kitambaa kabla sijagusa kioo cha rubani. "Hicho si kioo, wewe! Ni plastiki. Ukiifuta kavu, umeipiga msasa!" Sisi wa Newala maji tunayafuata bondeni. Kumwagia maji kitu chenye vumbi tu, kwetu utagombezwa.

Nyinyi vijana mna mashine, mnaringa. Sisi ilikuwa mikono. Unamwaga maji vumbi litoke, unapapasa kwa vidole kutafuta mkwaruzo. Ukiupata, unaanza na msasa wa maji, kisha ulio laini zaidi, kila mara ukibadili mwelekeo, mpaka pabaki ukungu mtupu. Ndipo unapaka dawa ya kung'arishia kwa flana safi. Ukikazana sehemu moja inapata moto, inajikunja, rubani anaona kiwanja kimepinda. Kazi hiyo haikimbizwi, hata ulie.

Alasiri moja tulitua Newala kumchukua Mama Somoe wa Kitangari, mjamzito, anavuja damu, tumwahishe hospitali ya Mkomaindo, Masasi. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshashuka na mgonjwa mwingine. Mimi na Kapteni, rubani wetu, tukaenda kusaidia kubeba machela. Tuliporudi, mumewe, Baba Somoe, alikuwa amesimama kando ya ndege na kitenge mkononi. Kioo chote cha mbele ya rubani amekisugua kwa nguvu zake zote. Ndoo ya maji iko pembeni, haijaguswa.

"Nimewasafishia, fundi, tusichelewe."

Yarabi! Niliketi kiti cha rubani nikatazama magharibi, njia ya Masasi. Jua lilishainama. Mikwaruzo yote ikawaka, mbele sikuona hata miti. Kapteni akaninong'oneza, "Tunaruka?"

"Haturuki. Tutawaua wote."

Baba Somoe nikamwambia kioo kina hitilafu, anishikie ndoo. Nikaanza: maji, msasa, maji. Yeye anamwaga, mimi nasugua, na mkewe tunamsikia akiguna. Mikono ilitaka kukazana, nikaizuia huku machozi yananitoka. Nilikuwa nimefika kwenye flana nesi aliyemsindikiza aliponishika bega. Mama Somoe alikuwa amekata roho chini ya bawa, mtoto tumboni. Niliitupa ile flana nikaipiga ndoo teke.

Sasa nimestaafu, vidole vimekufa ganzi. Mnaniuliza kama leo ningeruhusu ile ndege iruke. Nisingeruhusu. Lakini msidhani kuwa na haki kunampa mtu usingizi.

Baba Somoe akishuka Masasi hupita kwangu. Juzi aliniuliza, "Fundi, siku ile kile kioo kilikuwa na nini hasa?"

"Kilikuwa kibovu. Tulitoka nacho huku Masasi."

Akanitazama usoni. "Kumbe ni nyinyi mlioniulia mke wangu."

"Ndiyo, Baba Somoe," nikamwambia. "Ni sisi."