Kinanda cha Nyumba ya Eda

Nakumbuka wiki ile niliyokosa usingizi kwa sababu ya piano, mwanangu. Najua utacheka, maana watu hukosa usingizi kwa ugonjwa, kwa ada ya shule au kwa mapenzi. Mimi nililala macho wazi nikijiuliza: nikiinunua, nitakuwa nimembebea mjane kitu cha mumewe mbele ya macho yake, nisipoinunua, itapasuliwa mbao. Niligeuka huku na kule mpaka mama yako akahamia kitandani kwenu.

Sijafika umri wa kutoa nasaha, ndevu zangu bado nyeusi. Lakini jambo hili nilifundishwa na bibi mmoja ambaye sasa hayupo, na nisipokupa wewe sijui nitampa nani.

Wakati huo ulikuwa darasa la tatu. Mwalimu wa kwaya alikuwa anakufundisha kwenye kinanda cha umeme cha kanisani, na umeme ukikatika mlibaki mkiimba kavu. Nyumbani ulikuwa unapiga vidole ukingoni mwa meza huku mdogo wako akikuimbia ile sauti ambayo meza haikuwa nayo. Mwalimu akaniambia, "Baba, vidole vya huyu vimekizidi hiki kinanda. Mtafutie piano yenyewe, ile ya kusimama, yenye nyundo na nyuzi ndani."

Basi nikasoma habari za piano kabla hata sijaiona. Unajua nilivyo, siwezi kununua hata jiko la mkaa bila kulifikiria mara mbili tatu. Nilijua unyevu wa ziwa unafanya nini kwenye mbao, na mchwa huanzia wapi. Nikazunguka soko la Mwanga nikiulizia, kila mtu ananionyesha vinanda vya umeme, mpaka muuza redio mmoja akaniambia, "Wewe unatafuta kinanda cha marehemu Mzee Ramadhani, Ujiji. Mwanawe anakiuza."

Huyo mwana ni Shabani. Alinipokea mlangoni kwa mikono miwili, akaniingiza sebuleni. Dirisha lilikuwa limefungwa. Piano ilikuwa imeegemea ukuta, imefunikwa kanga mbili, na kando yake kulikuwa na mlango wa chumba wenye pazia zito.

"Mzigo ndio huo, kaka. Mbao ya Ulaya hiyo, siyo hizi za kuliwa na wadudu. Wewe piga tu usikie."

Nikainua kanga. Mfuniko wa vibao ulikuwa wazi chini yake, nikasikitika moyoni kwamba vumbi limeingia. Nikawasha tochi ya simu nikachungulia nyuma, nikagonga ubao, nikatega sikio. Kisha nikaanza kubonyeza vibao kimoja kimoja kutoka kushoto, kama nilivyosoma. Vingine vililia vizuri, vingine kwa mkwaruzo, na vingine havikutoa kitu. Nilipofika katikati nikasikia sauti ya mwanamke nyuma ya pazia, sauti ya mtu anayetoka usingizini.

"Baba Shabani?"

Mkono wangu ukabaki juu ya vibao.

"Baba Shabani, umerudi?"

Shabani akajibu upesi, "Siye yeye. Ni mteja tu." Halafu akanigeukia, akasema kwa sauti ya chini, "Usijali. Ni mke wa baba. Siyo mama yangu."

Pazia likasukumwa, akatoka mwanamke mzee ameshika ungo wa mchele. Alikuwa Bi Hadija, dada wa mjane, aliyekuja kukaa naye.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Kumbe shikamoo unaijua. Na hizi kanga hukuziona?"

"Niliziona, bibi."

"Ukadhani tumekinga vumbi?"

Nikaondoa mkono kwenye vibao.

"Dada yangu yumo kwenye eda humu ndani. Kinanda hiki hakijatoa sauti tangu mwenyewe alipobebwa. Wewe unaingia, unakipapasa kama unachagua tikiti sokoni! Mwanangu, ukikuta kitu kimefunikwa kwenye nyumba ya watu, unauliza kwanza kimefunikwa kwa nini. Bei baadaye."

Mimi ni mtoto wa Simbo, nimekulia kanisani. Eda niliijua kwa kuisikia: kwamba mjane wa Kiislamu hukaa ndani ya nyumba ya mumewe miezi minne na siku kumi, hajipambi, hatoki bila dharura. Kuijua kwa kuisikia hakukunisaidia siku ile. Nilirudisha kanga nikiona aibu hata kuzinyoosha.

Shabani hakupenda. "Bi Hadija, hii ni biashara. Chumba hiki kina mpangaji anayekingoja. Na sisi watoto tumeshakubaliana."

"Mjane je? Mwenye watoto akifa, mjane hana thumni yake, fungu moja kati ya manane?"

"Thumni ya kinanda tutaikataje? Kwa msumeno?"

Ile sauti ya nyuma ya pazia ikasema, taratibu, "Nipeni vile vibao visivyolia. Vitanitosha."

Tulicheka sote, hata Shabani, hata Bi Hadija mpaka mchele ukamwagika. Kisha kicheko kikaisha kwa pamoja, na kila mtu akaangalia chini.

Nje, Shabani alinishika bega. "Kaka, nisikudanganye. Usipochukua wewe, seremala wa barabara ya Kasulu anachukua. Yeye hataki muziki. Amesema inatoa makabati mawili."

Hapo ndipo usingizi wangu uliponiacha. Mwalimu wa kwaya alisema nichukue upesi, unyevu hausubiri. Mama yako alisema niachane na vitu vya wafu. Mimi nilikuwa namkumbuka bibi yako, mama yangu. Babu yako alipofariki, baba mdogo alibeba redio yake kabla matanga hayajaisha. Hakuwa mtu mbaya, na redio kweli walikuwa wameinunua pamoja. Lakini kwa muda mrefu nilimwona mama akifagia, akifika pale redio ilipokuwa anazungusha ufagio kama bado ipo. Nilikuwa nimekwenda Ujiji kukutafutia furaha, na njia ya kuipata ilipita juu ya mwanamke kama yule.

Nikarudi. Safari hii nilibisha hodi, nikakaa kwenye mkeka karibu na mlango, nikamwomba Bi Hadija ruhusa ya kumuuliza dada yake swali moja.

"Mama," nikasema kulielekea pazia, "kinanda mlikifunika kwa nini?"

Nilimsikia akisogea karibu na pazia. Kisha akasema, "Alikuwa anakipiga alasiri. Adhana ikaadhiniwa, akanyanyuka kwenda kuswali. Nikataka kukifunga, akaniambia, 'Kiache wazi, narudi sasa hivi.' Akaangukia hukohuko msikitini. Sasa mimi nitakifungaje, na mwenyewe amesema kiachwe wazi? Nikakitandikia kanga."

Bi Hadija alijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Unataka kiende wapi, mama?"

"Kiende kwa watu watakaokipiga. Sitaki makabati. Lakini kisiondoke sasa. Akili yangu inajua amekufa, mwanangu. Masikio bado."

Nikamwita Shabani na ndugu zake, na jirani mmoja mtu mzima, nikasema mbele yao: ninakinunua leo, thumni ya mjane ipite mikononi mwa Bi Hadija mbele yetu sote, na kinanda kikae palepale mpaka eda iishe. Shabani akauliza, na mpangaji? Nikasema kodi ya kile chumba nitalipa mimi hadi siku hiyo. Alinitazama kama mtu aliyepungukiwa na akili. "Unapanga chumba cha kulaza kinanda?" Nikamwambia ndiyo.

Ulininunia, unakumbuka? Uliambiwa kinanda kimepatikana, halafu hukioni. Na mwalimu alisema kweli: masika ile vibao vingine vilinyamaza, na vingine havijapona mpaka leo. Sitakudanganya kwamba haikunigharimu.

Eda ilipoisha nilikwenda na gari na wachukuzi wanne. Ndipo nilipomwona mjane kwa mara ya kwanza, mwanamke mdogo kuliko sauti yake, amevaa nguo mpya, mabegi yake yamepangwa kibarazani. Nyumba nzima ilikuwa inapangishwa. Yeye alikuwa anahamia kwa dada yake, Kidahwe.

Wachukuzi walikwisha kunja mikono ya mashati. Akanijia, akasema kwa unyonge, "Mwanangu, naomba nitangulie mimi. Nisiuone ukuta mtupu."

Bajaji yake ilichelewa. Dereva wa gari alilalamika, Shabani akaangalia simu, wachukuzi wakauliza kama wanalipwa kwa kukaa. Nikawaambia wakae. Tulikaa barazani sote, jua likitupiga miguuni, mpaka bajaji ikaja, ikampakia na dada yake na mabegi, ikaondoka. Hakugeuka nyuma. Tulikaa tena mpaka mlio wake hausikiki. Ndipo nikasema, "Haya, sasa twendeni ndani."

Mwanangu, utanunua vitu vya watu maishani mwako, na vingi vitatoka kwenye nyumba zenye msiba, kwa sababu ndiko vitu vinakotoka. Nunua, si dhambi. Ila usiwe na haraka kuliko huzuni ya mwenye nyumba. Muulize, msikilize, na akiomba atangulie, keti umngoje, hata kama gari linawaka na watu wanakuona mjinga. Mungu aibariki mikono yako, aifanye itoe sauti hata penye vibao vibovu. Na siku nawe utakapolazimika kuiacha nyumba uliyoipenda, akujalie wachukuzi wenye subira.