Kabichi za Meaig

Siku ya kwanza Neansa alipokwenda kwa mzee Beairtle, alikwenda kununua rahisi. Alikuwa mchuuzi wa miche, aliyeanza na beseni moja sokoni mjini Clifden hadi akapata gari lake la mizigo, na aliweza kumnusa mtu mwenye shida ya kuuza tangu mlangoni. Lakini mwaka ule mwenye shida alikuwa yeye. Wateja walikuwa wameanza kuigeuzia uso miche iliyooteshwa kwa udongo mweusi wa kinamasi. Vinamasi vimechimbwa vya kutosha, walisema, viachwe vipumue. Naye alikuwa amesikia kwamba kule rasini kuna mgane anayeotesha kabichi kwa mwani uliooza.

"Kwa mwani mtupu, mzee?"

"Mwani, mchanga na majani makavu. Wenzangu waliachiwa kinamasi na baba zao, mimi niliachiwa ufuko. Kila mtu hulima alichoachiwa."

Miche ilikuwa na mashina manene na majani ya kijani kinachoelekea buluu. Neansa aliikunjia uso, maana mnunuzi anayesifu hulipia sifa zake.

"Mifupi."

"Mifupi kama wewe, binti Tadhg, na bado unaisumbua nchi nzima."

Walivutana mpaka chai ikapoa. Mwishowe mzee alitema mate kiganjani, wakapigana mikono kufunga biashara, na kama ilivyo desturi ya huko, muuzaji akamrudishia mnunuzi sarafu moja ya bahati kutoka kwenye fedha zile zile.

Wakati wa kupakia ndipo Neansa alipoiona chupa ya mbegu dirishani. Zilikuwa mbegu za Meaig, marehemu mke wa Beairtle. Meaig alizikuta kwa mama mkwe wake, na kila mwaka aliacha kabichi zilizo bora bila kuvunwa, zikae majira ya baridi, zitoe maua, azichume mbegu. Kabichi hiyo haikuwa na jina dukani. Tangu Meaig alipofariki, hakuna aliyeacha hata moja ichanue.

"Kazi hiyo ilikuwa yake," mzee alisema. "Nikienda pale bustanini naona mgongo wake. Lakini mbegu nazo huzeeka. Mwakani nitaacha chache."

Miche iliisha sokoni kabla ya saa sita mchana. Majira ya kuchipua yaliyofuata, Neansa alirudi akitaka mara mbili.

"Rundo langu lililoiva linatosha nusu," Beairtle alisema. Walikuwa wamesimama nyuma ya nyumba, mbele ya marundo mawili ya mwani. La kwanza lilikuwa jeusi, linapukutika kama keki. La pili lilitokana na dhoruba za majira ya baridi yaliyotoka kupita, bado lina harufu ya pwani. "Hili halijanywa mvua. Lina chumvi."

"Changanya yote mawili, mvua itaosha chumvi iliyobaki."

"Na isiponyesha?"

Neansa alicheka. "Hapa? Mzee, siku mvua ikikosekana hapa, padri atatuita kanisani tuungame sote!"

Beairtle naye alicheka, na hilo ndilo lililommaliza. Nani amewahi kuingoja mvua katika nchi ile? Watu hungoja ikatike. Akatema mate kiganjani, wakapigana mikono, na mwani wa marundo yote mawili ukachanganywa. Mbegu zote za chupani ziliingia kwenye trei. Miche michache ya kwanza itakuwa yake, alisema, aipande aiache ichanue.

Upepo ukageuka. Ulivuma kutoka mashariki, mkavu, anga ikawa safi siku baada ya siku, na watalii wakasifu. Beairtle alibeba ndoo kutoka kisimani mpaka kisima kikashuka na maji yake yakaanza kuwa na ladha ya bahari. Neansa alipofika na gari, alikuta trei zimepangwa uani kama siku zote. Miche ilikuwa imeungua kingo, kisha shina, kisha imelala. Yote.

"Ungenipigia simu, mzee."

"Nikuambie nini? Tulishapigana mikono."

"Chupa je?"

"Nilimwaga yote. Wewe si ulitaka mara mbili?"

Hakusema kwa ukali, na Neansa alitamani angekuwa mkali, maana ukali anaujua, angeujibu. Aliwasha gari. Hakwenda sokoni. Alizunguka kwa wateja wake wa mwaka uliopita, nyumba baada ya nyumba, akiuliza kama kuna aliyebakiza kabichi moja shambani.

"Tulikula zote!" walimjibu kwa furaha. "Tamu ajabu. Utatuletea lini tena?"

Mwanamke mmoja karibu na daraja alifikiri kidogo. "Moja ilibaki. Ikawa inarefuka, ikatoa vimaua vya njano. Nikajua imeharibika. Nimewatupia kuku wiki iliyopita."

Neansa alienda mpaka kwenye banda la kuku. Lilikuwa limebaki shina tu, limedonolewa mpaka nyuzi.

Mwaka uliofuata mwani uliobaki wa rundo lile la pili ulikuwa umeiva, na chumvi yake imekwisha, maana mvua ilirudi wiki mbili baada ya miche kufa na haikukatika mpaka Krismasi. Beairtle alimwachia Neansa mboji yote na ruhusa ya kukusanya mwani kwenye ufuko wake. Hakutaka kuvutana bei. Alitaja ya kwanza iliyomjia, ndogo mno, na Neansa, aliyetafuta bei kama hiyo maisha yake yote, safari hii hakuifurahia. Akalipa.

Sasa anaotesha kabichi za mbegu za pakiti, na miche yake ndiyo inayosifiwa kuliko yote soko zima. Beairtle analima viazi. Chupa ipo dirishani, imeoshwa.

Siku ya kupakia mboji, Neansa aliitoa ile sarafu ya bahati ya mwaka wa kwanza, akamnyooshea.

Mzee aliitazama, mikono ikiwa mfukoni. "Kaa nayo, binti Tadhg. Mnunuzi ndiye hupewa."