Jani Lililokataa Kijani

Shuleni walimwita Bi Chupa, na wala hakununa. Miaka ishirini na miwili unaosha chupa za maabara, utaitwaje tena? Darasani aliishia la tano. Kalamu aliishika kwa kazi moja tu: daftari la vyombo vilivyovunjika, ambalo mwalimu wa biolojia alilitia sahihi kila Ijumaa.

Wiki moja mwalimu huyo akalala na homa, mtihani wa vitendo ukiwa Alhamisi. Akapiga simu, sauti imemkauka.

"Bi Chupa, lile jani la majini kwenye beseni la kioo, nakuomba lisife. Lisipotoa mapovu siku ya mtihani, watoto wangu arobaini wamekwisha."

"Wewe pona, mwanangu. Jani niachie mimi."

Haya, kaachiwa. Maabara ilikuwa na kiza, kwa kuwa ghorofa jipya la jirani lilikuwa limeziba dirisha, basi akaliwashia jani taa. Mara akalionea huruma: taa kali, jani laini. Ndege wafananao huruka pamoja, si ndivyo? Jani la kijani litapenda mwanga wa kijani. Akaifunika taa kwa karatasi angavu ya kijani, akaenda kupiga deki huku akijisifu.

Jumatano asubuhi, hakuna povu. Hata la kusingiziwa! Watoto wa watu arobaini, na huruma yake ndiyo imewaponza.

Akaing'oa karatasi. Povu moja likapanda, taratibu, kisha la pili. Bi Chupa akashusha pumzi. Sasa mkono ukamwasha. Droo ilikuwa na karatasi nyingine; akaweka nyekundu, mapovu yakapanda moja nyuma ya jingine. Akaweka bluu, yakapanda pia. Akairudisha kijani, yakakaribia kukoma.

"Ala! Jani gani hili lenye kiburi?"

Akaitoa karatasi, akaisogeza taa karibu: mapovu mbio mbio. Akaivuta mbali: moja moja, kama mtu anayesinzia. Akaisogeza tena karibu kabisa, lakini mapovu hayakuongezeka, na maji yakaanza kupata moto. Akairudisha nyuma upesi.

Akampigia mwalimu, akakiri yote. Mwalimu akacheka mpaka akakohoa.

"Jani hula zaidi nyekundu na bluu, mama. Kijani hukirudisha kwa wingi kuliko rangi nyingine, ndicho kinachotufikia machoni. Na hayo mapovu ni oksijeni, hewa tunayoivuta."

Bi Chupa akakaa kwenye stuli, nywele zimemsimama. Kumbe vilima vyote vile, mashamba yote yale anayoyasifia tangu utotoni, ni makombo ya mwanga! Na yale mapovu ni hewa, ile ile aliyokuwa akiivuta pale pale. Machozi yakamtoka, na hakuona aibu.

Alhamisi watoto wakaingia, kila mmoja na chupa yake na kipande cha jani. Bi Chupa akasimama mlangoni, ametafuna kanga yake hadi pindo. Chini ya taa zilizowashwa, chupa zote arobaini zikatoa mapovu.

Ijumaa mwalimu akarudi, amekonda, akafungua daftari. Chini ya orodha ya vyombo vilivyovunjika palikuwa na mwandiko mkubwa uliotetemeka: "Nyekundu, mapovu arobaini na moja kwa dakika. Kijani, matatu. Nimeona mwenyewe."

Mwalimu akasoma mara mbili, akatia sahihi. Kisha akampa daftari jipya, tupu, na kalamu yake mwenyewe.